Ndani na Nje ya Mlango: Mauaji ya Kingono na Swali la Lawama katika Visa vya Pwani

Utangulizi

Katika mitaa ya bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, habari ya mwanamke aliyeuawa chumbani haichelewi kupata jina. Kabla maiti haijafikishwa hospitalini, watu wamekwisha kuuliza swali moja: aliyemuua alikuwa nani wake? Akiwa ni mume au hawara, kisa huitwa mambo ya mapenzi. Akiwa ni mtu asiyejulikana, huitwa unyama. Akiwa ni mteja aliyelipia usiku mmoja, sauti hushuka, na mara nyingi kisa hukosa jina. Ijapokuwa majina hayo hutumika kana kwamba ni maelezo tu, kila moja limebeba hukumu. La kwanza humpunguzia muuaji lawama, la pili humtoa katika jamii ya watu, na ule ukosefu wa jina humtoa aliyeuawa.

Makala haya yanakusudia kuichunguza hukumu hiyo. Swali lake ni la kimaadili: je, uhusiano uliopo baina ya muuaji na aliyeuawa unapunguza lawama, unaizidisha, au hauihusu kabisa? Swali hilo linafikiwa hapa kwa njia ya uhakiki kwa sababu maalumu. Katika mauaji ya aina hii, yule ambaye angekuwa shahidi mkuu hayupo tena. Kinachofika mahakamani, gazetini na barazani ni masimulizi, nayo masimulizi yana msimulizi, yana mahali palipochaguliwa kuwa mwanzo, na yana sarufi yake. Taaluma iliyozoea kumhoji msimulizi katika riwaya haina udhuru wa kumwamini bila kumhoji anaposimama kizimbani.

Kwanza hapana budi kuifafanua istilahi yenyewe. Dhana ya mauaji ya kingono iliingia katika elimu ya jinai hasa kwa njia ya uchunguzi wa wauaji wa watu wasiowajua. Kitabu mashuhuri cha Robert Ressler, Ann Burgess na John Douglas, kilichotolewa Marekani mwaka 1988, kiliegemea mahojiano yaliyofanywa na wapelelezi wa FBI pamoja na wauaji 36. Dalili zilizotazamwa katika uchunguzi wa namna hiyo ni zile zinazoonekana kwenye mwili na mahali pa tukio: mavazi yaliyovuliwa, mkao wa maiti, alama za kuingiliwa. Dalili hizo zinasema mengi pale ambapo muuaji na aliyeuawa hawakuwa na uhusiano wowote, kwa kuwa kila alama ya kujamiiana baina yao ni alama ya dhuluma. Zinasema machache pale ambapo wawili hao walikuwa wakilala kitanda kimoja kwa miaka kumi. Kwa hiyo dhana yenyewe ilizaliwa ikiwa na jicho linalotazama nje. Mwana wa elimu ya jamii Diana Russell, aliyelitumia neno la Kiingereza la mauaji ya wanawake mbele ya baraza la kimataifa mjini Brussels mwaka 1976, alijaribu kuligeuza jicho hilo lielekee ndani.

Katika makala haya, mauaji ya kingono ni mauaji ambayo maana yake inatokana na madai juu ya mwili wa mtu kama kitu cha kujamiiana: madai ya kuupata, ya kuumiliki, ya kuwazuia wengine, au ya kuuadhibu kwa kukataa. Fasili hii haitegemei alama za mwilini. Inamkusanya mbakaji anayeua ili asitambuliwe, mume anayemuua mke kwa kuwa amedai talaka, na mnunuzi anayemuua mwanamke kwa kuwa haikuridhisha bidhaa aliyodhani ameinunua.

Chumba cha Monica Njeri

Mwaka 1980 ulikuwa mwaka wa milango kufunguliwa mjini Mombasa. Daraja jipya la Nyali liliiunganisha Kisauni na kisiwa kwa namna ambayo daraja la maboya lililotangulia halikuweza. Mwaka huo huo serikali ya Kenya ilikubaliana na Marekani juu ya matumizi ya bandari, na manowari za Kimarekani zikawa wageni wa mara kwa mara wa Kilindini. Mabaharia walishuka wakiwa na dola, na biashara ya usiku ikawalisha wengi kuliko wale walioifanya kwa miili yao.

Ni katika mwaka huo ambapo Frank Sundstrom, baharia wa miaka 19 wa manowari ya USS La Salle, alimuua Monica Njeri nyumbani mwa mwanamke huyo mjini Mombasa. Namna alivyomuua ilielezwa kwa urefu wakati ule, na hakuna faida ya kuirudia. Kilichobaki katika kumbukumbu ya Wakenya ni mwisho wa kesi. Baharia alikiri kosa la kuua bila kukusudia. Jaji Leslie Harris wa Mahakama Kuu alimwachilia kwa dhamana ya shilingi 500, kwa sharti la kuwa na mwenendo mwema kwa miaka 2. Baharia akarudi kwao. Hasira za umma zilikuwa kubwa, nazo zilielekezwa hasa kwenye jambo la utaifa: Mzungu amehukumiwa na jaji Mzungu, na maisha ya Mwafrika yamethaminiwa kwa kiasi kidogo mno.

Hasira hiyo ilikuwa ya haki, lakini haikumaliza maana ya kisa. Kwa mhakiki, mambo matatu yanastahili kutazamwa zaidi. La kwanza ni msimulizi. Watu wawili walikuwa chumbani, na mmoja alitoka akiwa hai. Habari za usiku ule, za fedha na ugomvi, zilikuwa na chemchemi moja, naye alikuwa na kila sababu ya kuyachagua maneno yake. La pili ni mahali pa mwanzo. Kisa kinachoanza kwa fedha iliyolipwa kinamfanya aliyekufa kuwa upande wa pili wa mapatano yaliyoharibika. Kisa hicho hicho kikianza kwa mwanamke aliyekuwa nyumbani mwake, kinamfanya kuwa mwenyeji aliyeuawa na mgeni. Matukio ni yale yale, ila lawama imehama. La tatu ni jina. Katika mazungumzo mengi Monica Njeri aliitwa kahaba kabla ya kuitwa kwa jina lake, na neno hilo lilifanya kazi ambayo wakili wa utetezi asingeifanya vizuri zaidi.

Aidha kisa hiki kinautikisa mpaka wenyewe wa ndani na nje. Monica Njeri na Sundstrom hawakuwa wapenzi, lakini hawakuwa wageni wasiojuana kabisa kama mpita njia na mnyang'anyi. Uhusiano wao ulikuwa wa mkataba wa muda. Kama ukaribu unapunguza lawama, basi hapa hapakuwa na ukaribu. Na kama ugeni unaizidisha, basi ugeni ulikuwepo tele. Hata hivyo adhabu ilikuwa nyepesi mno. Hili linadokeza kwamba kilichopimwa katika mizani hakikuwa uhusiano. Kilichopimwa ni thamani ya aliyekufa, na uhusiano ulitumika kuificha mizani hiyo.

Mfano mwingine unaunga mkono dokezo hili. Mwezi Septemba 1988 Mwingereza Julie Ward aliuawa katika hifadhi ya Maasai Mara. Maelezo ya awali ya maofisa yalitaka kuwabebesha wanyama wa porini kifo chake. Baba yake, John Ward, aliyakataa, na kwa miaka mingi alipeleleza, akaandika, akashinikiza serikali mbili. Mashtaka yaliyosikizwa hadi 1992 na 1999 yaliishia kwa watuhumiwa kuachiliwa, na haki haikupatikana. Lakini kisa kilipatikana, kikajaa vitabu, na mwaka 2015 Grace Musila alikichambua katika utafiti mzima kuhusu ukweli na uvumi. Wanawake wawili waliuawa katika nchi moja, katika muongo mmoja. Mmoja alipata wasimulizi wa kumtetea. Mwingine alisimuliwa na aliyemuua.

Fumanizi, wivu na shetani

Msamiati wa Kiswahili unaohusu mauaji ya ndani ya uhusiano unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Neno la kwanza ni fumanizi. Kitenzi kufumania kina mtendaji mmoja na mtendwa mmoja: anayefumania na anayefumaniwa. Kisa kinapoitwa cha fumanizi, nafasi ya kosa imekwisha kujazwa na aliyefumaniwa. Kuua kunapofuata, kunaingia katika sentensi kama jibu. Msikilizaji hakuelezwa uongo wowote. Ameelezwa tu tukio la pili kana kwamba ni kishazi tegemezi cha tukio la kwanza. Mila zenyewe hazikuwa hivyo. Neno ugoni lilitaja kosa la mzinifu pamoja na fidia yake, yaani jambo linalopelekwa mbele ya wazee na kulipiwa. Kati ya ugoni na panga pana umbali mkubwa, na neno fumanizi, kwa matumizi ya sasa, linaufuta.

Neno la pili ni wivu. Husemwa kwamba fulani alimuua mkewe kwa wivu, kama isemwavyo kwamba fulani alikufa kwa malaria. Wivu unafanywa kuwa ugonjwa wenye nguvu zake. Hapa mjadala wa Dan Kahan na Martha Nussbaum wa mwaka 1996 kuhusu hisia katika sheria ya jinai una manufaa. Wao walitofautisha fikra mbili. Kwa fikra ya kwanza, hisia ni msukumo usio na akili, kama mawimbi yanavyokisukuma chombo. Kwa fikra ya pili, hisia ina hukumu ndani yake: anayekasirika anaamini kwamba ametendewa ubaya, na imani hiyo inaweza kupimwa kama ni ya haki au si ya haki. Kiswahili chenyewe kina ushahidi wa fikra ya pili. Watu wa pwani hutofautisha wivu na husuda, na wanaosoma vitabu vya dini huongeza ghera, yaani ule uchungu wa kuilinda heshima. Tofauti hizi zisingekuwepo kama hisia zingekuwa mawimbi matupu. Zipo kwa sababu kila neno linataja dai tofauti: husuda hutamani kilicho cha mwingine, wivu hung'ang'ania kinachodhaniwa kuwa changu, ghera hudai kukilinda. Kumwambia mtu kwamba wivu wake hauna msingi ni sentensi yenye maana. Kumwambia kwamba malaria yake haina msingi ni upuuzi.

Neno la tatu ni shetani. Kauli ya kwamba shetani alimpitia ni ya kawaida barazani na hata kizimbani. Kisarufi, kauli hiyo inamwondoa muuaji katika nafasi ya kiima na kumweka katika nafasi ya shamirisho: hakutenda, alitendwa. Katika itikadi za pwani, hata hivyo, shetani hushawishi, halazimishi, na mtu atajibu mwenyewe Siku ya Hisabu. Kwa hiyo anayelitumia jina la shetani kama udhuru hata itikadi anayoitegemea haimkubali. Vivyo hivyo methali isemayo hasira hasara imekusudiwa kumwonya mwenye hasira ajizuie. Ikitumiwa baada ya mauaji kueleza yaliyompata muuaji, kwamba hasira zimemtia hasarani, methali imegeuzwa kichwa chini, na hasara ya aliyekufa haimo tena.

Mlango wa sheria

Sheria ya Kenya nayo imejenga mlango wake. Kifungu cha 207 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba mauaji yaliyotendwa katika joto la hisia kwa sababu ya uchokozi wa ghafla, kabla ya hisia hizo kupata muda wa kupoa, yatahesabiwa kuwa ni kuua bila kukusudia. Kifungu cha 208 kinaufafanua uchokozi kwa kumtaja mtu wa kawaida: ni kitendo au tusi linaloweza kumwondolea mtu wa kawaida uwezo wa kujizuia, likitendwa kwake au kwa mtu aliye naye katika uhusiano wa ndoa, uzazi, udugu, au wa bwana na mtumishi. Mtu huyo wa kawaida ni mhusika wa kubuni, na mhakiki ana haki ya kuuliza ameumbwaje. Maneno ya kifungu hayataji jinsia yake. Lakini katika visa vya mapenzi anavyoletwa kuvipima, mara nyingi amekuwa mwanamume anayerudi nyumbani na kuukuta mlango umefungwa kwa ndani. Ni nadra kuwa mwanamke aliyepigwa kwa miaka saba, ambaye hofu yake haikuwa ya ghafla wala haikupata siku ya kupoa.

Uingereza, iliko asili ya kinga hiyo, iliiondoa kwa sheria ya 2009 iliyoanza kutumika 2010, ikaweka badala yake kinga ya kupoteza uwezo wa kujizuia na kutamka kwamba uzinzi pekee usihesabiwe kuwa sababu yake. Mlango wa pili unahusu kubaka. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya 2006 ilikuwa hatua kubwa mbele, lakini kifungu cha 43 kilisema kwamba masharti yake kuhusu tendo lisilo la ridhaa hayawahusu watu waliooana kihalali. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 ilikuja kuutaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa kuwa ni ukatili, ingawa nguvu yake kubwa ni katika amri za ulinzi. Kwa njia hii sheria yenyewe imelichora lile kuta la ndani na nje: kitendo kimoja ni kosa kubwa upande huu wa mlango, na upande wa pili kinahitaji jina jingine.

Matokeo ya mgawanyiko huo yalionekana kwa uchungu nje ya ndoa pia. Usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya Mtakatifu Kizito huko Meru, wavulana waliyavamia mabweni ya wasichana. Wasichana 19 walikufa na wengine 71 wakabakwa. Magazeti yalinukuu kauli ya mmoja wa wakuu wa shule, kwamba wavulana hawakuwa na nia mbaya, walitaka kubaka tu. Kauli hiyo ilishutumiwa duniani kote, lakini haikutoka hewani. Ilisema waziwazi jambo ambalo lugha ya kila siku hulisema kwa kificho: kwamba kuuchukua mwili wa mwanamke ni jambo moja, kumuua ni jambo jingine, na la kwanza halikaribiani na la pili.

Muuaji shujaa, muuaji dubwana

Katika kitabu chao cha 1987, Deborah Cameron na Elizabeth Frazer walionyesha kwamba utamaduni wa Magharibi umemsimulia muuaji wa kingono kwa sura mbili: dubwana lililo nje ya ubinadamu, au shujaa wa giza aliyeivuka mipaka ambayo wengine wanaiogopa. Sura zote mbili zinamweka mbali na wanaume wa kawaida, na hivyo hazilazimishi yeyote kuuliza alijifunza wapi kutamani alichokitamani. Sura ya tatu inaweza kuongezwa, ambayo visa vya ndani huipenda zaidi: mpenzi aliyezidiwa. Othello wa Shakespeare ndiye babu yake. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wamefundishwa kumlilia Othello, na tamthilia inawapa sababu za kumlilia, kwani mgeni mweusi amedanganywa na Iago. Lakini swali la uhakiki lingali palepale: kama Iago angekuwa mkweli, Desdemona angestahili kufa? Msomaji anayesikitika tu kwamba Desdemona hakuwa na hatia amekubali bila kujua kwamba mwenye hatia angeuawa kwa haki. Msiba wa Othello hauishii katika ushahidi wa leso. Umo katika kudhani kwamba ushahidi wa leso ungempa mamlaka hayo.

Fasihi ya Kiswahili imeliona jambo hili kwa namna yake. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Bwana Maksuudi anaifunga nyumba yake asiingie mtu wala asitoke mwanamke, na anampiga mkewe Bi Tamima kwa ukatili hata katika hali ya uzazi. Maksuudi huyo huyo, mlinzi wa ndani, ndiye anayemwinda Kazija nje. Bintiye Maimuna anapoukimbia ufungwa wa nyumbani anaangukia katika maisha ya danguro, ambako wanaume wa tabaka la baba yake ni wateja. Riwaya haihubiri nadharia yoyote ya mauaji, lakini ramani yake ni ya wazi: nyumba iliyofungwa na danguro lililo wazi si dunia mbili. Ufunguo wa ile na fedha za lile zimo katika mfuko mmoja.

Ramani hiyo inasaidia kulijibu swali lililoulizwa mwanzoni. Mume anayeua kwa kuwa mke anaondoka, mteja anayeua kwa kuwa fedha imelipwa, na mbakaji anayeua mpita njia hawafanani katika tabia, katika historia wala katika hofu wanazowatia watu. Wanafanana katika dai. Kila mmoja ameamini kwamba ridhaa ya mwanamke ni jambo linaloweza kumalizwa mara moja: kwa ndoa, kwa malipo, au kwa nguvu. Mahari yenyewe, kwa sheria ya Kiislamu, ni haki ya mwanamke na mali yake; anayeigeuza kuwa bei ya ununuzi ameivunja sheria anayodai kuisimamia. Methali isemayo mke ni nguo, mgomba kupalilia, inaweza kusomwa kama wito wa matunzo. Inapokaririwa na mtu anayedhani nguo haiwezi kumkataa aliyeivaa, imekuwa kitu kingine.

Hapo ndipo tofauti ya ndani na nje inaporudi, lakini ikiwa imegeuka. Ukaribu haupunguzi lawama, unaiongeza. Mgeni anayeua amevunja haki ambayo kila mtu anadaiwa na kila mtu. Aliye karibu amevunja haki hiyo, na juu yake amevunja amana. Alifunguliwa mlango. Alijua saa ambayo mwenzake hulala, mahali anapoficha akiba yake, na jirani ambaye hawezi kusikia. Ujuzi huo alipewa kwa imani, akautumia kuua. Katika mambo mengine yote ya pwani, khiyana ya amana huhesabiwa kuwa nzito kuliko wizi wa njiani. Ni katika mauaji haya tu ambamo khiyana huitwa mapenzi.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la huruma. Inaweza kusemwa kwamba binadamu ni dhaifu, kwamba maumivu ya kusalitiwa ni ya kweli, na kwamba sheria isiyoyajua ni sheria ya mawe. Pingamizi hili lina uzito, na halipaswi kupuuzwa katika nchi ambayo kwa muda mrefu ililazimisha hukumu ya kifo kwa kila muuaji. Lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu wa Desemba 14, 2017, ulazima huo umebatilishwa, na jaji anaweza kupima hali ya mshtakiwa anapotoa adhabu. Huruma basi ina mahali pake: baada ya ukweli kutajwa. Kinachopingwa hapa ni huruma inayotangulia ukweli na kuubadilisha jina. Jaji anaweza kumhurumia aliyeua bila kumfanya aliyekufa kuwa mchokozi wake.

Pingamizi la pili ni la kiutendaji, nalo ni gumu zaidi. Kuyakusanya mauaji ya ndani na ya nje chini ya dai moja kunaweza kuficha tofauti inayookoa maisha. Kulingana na makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa duniani na wapenzi wao au jamaa zao, kati ya 85,000 hivi waliouawa kwa makusudi. Mauaji ya ndani, tofauti na yale ya mpita njia, mara nyingi hutanguliwa na ishara. Uchunguzi wa Jacquelyn Campbell na wenzake katika miji ya Marekani, uliotolewa mwaka 2003, ulitaja miongoni mwa ishara hizo vitisho, kutengana, na kulazimishwa kujamiiana. Uchunguzi wa Nancy Glass na wenzake wa 2008 uliona kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa shingo na mwenzi wake alikuwa katika hatari ya kuuawa iliyozidi mara saba. Ishara kama hizo hazipatikani kwa mgeni.

Pingamizi hili ni sahihi, na linaimarisha hoja badala ya kuivunja. Kama mauaji ya ndani yana ishara, basi hayakuwa ya ghafla kama kisa cha mapenzi kinavyodai. Katika nyumba za Kiswahili za Likoni au Kisauni, zenye ukumbi mmoja katikati na vyumba vya kupanga pande mbili, kuta nyingi hazifiki kwenye paa, na sauti hupita juu yake. Jirani amesikia kabla. Lakini naye amefundishwa kwamba wagombanao ndio wapatanao, na kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hizo ni za hekima zinapohusu ugomvi wa watu wawili wanaoweza wote kuinuka na kuondoka. Zinapomhusu mtu aliyeshikwa koo, zimetumiwa mahali ambapo hazikutungiwa. Ukimya wa jirani hauna uzito wa kosa la muuaji, lakini nao umefunzwa na kisa kile kile: kwamba yaliyo ndani ni mapenzi mpaka yathibitike vingine, na huthibitika kwa maiti.

Hitimisho

Januari 27, 2024, maelfu ya wanawake na wanaume waliandamana katika miji ya Kenya, Mombasa ikiwemo, wakipinga mauaji ya wanawake. Mwezi Septemba mwaka huo mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei alikufa Eldoret kwa majeraha ya moto aliochomwa na aliyekuwa mpenzi wake. Polisi wa Kenya walitaja wanawake 97 waliouawa kati ya Agosti na Oktoba 2024. Mwezi Januari 2025 serikali iliteua jopo la kuchunguza ukatili wa kijinsia na mauaji hayo, likiongozwa na Nancy Baraza. Kazi ya sheria na ya polisi ina wenyewe. Kazi ya uhakiki ni ndogo zaidi, lakini hakuna mwingine atakayeifanya.

Kazi hiyo inaanza kwa kulibadilisha swali la kwanza. Badala ya kuuliza aliyemuua alikuwa nani wake, iulizwe alidai nini juu yake, na nani alimfundisha kwamba dai hilo lina haki. Swali la zamani linaugawanya umati wa waliouawa katika mafungu: mke, hawara, kahaba, mpita njia, na kila fungu linapewa kipimo chake cha majonzi. Swali jipya linamrudisha kila mmoja katika nafasi ya mtu aliyesema la, au ambaye angesema la kama angeulizwa. Halifuti tofauti ya ndani na nje, kwa kuwa khiyana ya amana inabaki kuwa nzito kuliko dhuluma ya mgeni. Linazuia tu tofauti hiyo isitumiwe kumpunguzia mzigo yule aliyestahili kuubeba mkubwa zaidi.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, jambo hili lina uwanja wa utafiti ulio karibu. Kurasa za habari za mahakama katika magazeti ya Kiswahili, kumbukumbu za kesi za Mombasa, na masimulizi ya wanawake wa Changamwe, Likoni na Kisauni waliowazika dada zao, ni matini zinazosubiri kusomwa kwa uangalifu ule ule unaopewa tenzi na riwaya. Zisomwe kwanza kwa jambo dogo la sarufi: katika kila sentensi, ni nani aliyewekwa kuwa mtendaji, na ni nani aliyeachwa bila jina.